Nani kati yetu amevaa vazi la Mombasa?

Swali limetoka kwa msomaji wa Majengo, mwanafunzi wa chuo. Anaandika hivi: "Mama yake nyanya yangu alivaa buibui la kamba mpaka alipofariki, na buibui lenyewe liko sandukuni nyumbani. Nyanya ana picha ya mwaka 1974, amevaa gauni la magotini, kichwa wazi, nywele amezitimua. Siku hizi havai ila abaya nyeusi. Mimi nyumbani navaa dera, na nikienda chuoni navaa suruali pana, shati refu na hijabu. Nyanya ananiambia nimeacha mavazi ya kwetu. Mama naye anasema hata buibui si letu, ni la Waarabu. Nani kati yetu amevaa vazi la Mombasa? Na ni kweli nguo huonyesha jinsi jamii inavyobadilika, au ni mitindo tu, inakuja na kupita?"

Mwanangu, jibu fupi ni kuwa nyote mmevaa vazi la Mombasa. Lakini ukimrudia nyanya yako na jibu hilo tupu atasema huyo mtaalamu ameogopa kuamua, na atakuwa na haki. Kwa hivyo nipe nafasi nilifungue jambo lenyewe, kwa sababu hilo sanduku la nyumbani kwenu limebeba mengi.

Nimeshughulika na nguo kuukuu za Pwani kwa miaka mingi, kuzikusanya, kuzihifadhi na kuwauliza wenyewe walizivaaje. Nilipoanza nilikuwa nauliza swali lile lile analouliza mama yako: hii ni ya kwetu au ni ya kuja? Swali hilo halikunifikisha mbali. Lililonifaa ni jingine, nalo ni hili: kabla ya hapo, nani alikuwa haruhusiwi kuivaa nguo hii? Ukiliuliza hilo, kila kipande cha kitambaa kinaanza kukueleza habari za watu.

Kwanza tuondoe hili la asili. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wa dini, wanakwenda miguu mitupu, na kila anayeingia msikitini ananawa miguu mlangoni. Kabla ya hapo, Mogadishu, alivishwa mavazi ya wakubwa wa mji: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho na kilemba. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kuwa wanawake wa Mombasa wamejipamba kwa hariri na dhahabu tele. Wafumaji walikuwako pwani hii, Pate wakisifika kwa hariri na Mogadishu kwa nguo zao, lakini kitambaa kingi kilishuka bandarini kwa pepo za kaskazi, hasa kutoka Gujarati. Na majina yenyewe yanasema. Joho ni Kiarabu. Leso ni neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Merikani ni Marekani yenyewe. Tukitupa kila kilichokuja kwa bahari tutabaki na magome ya miti na ngozi. Kuja kwa bahari ndiko kwetu.

Sasa tuingie karne ya 19, maana hapo ndipo hadithi ya buibui la nyumbani kwenu inapoanza.

Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja na Oman alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta pamba nzito isiyopaushwa, rangi yake ya maziwa yaliyochacha. Ndiyo merikani. Ilienea mpaka bara, misafara ikaitumia kama fedha. Jambo moja kuhusu nguo hii huniuma kila ninapoishika. Pamba yake ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani kaskazini, kisha ikavuka bahari kuja kuvaliwa na watumwa wa Pwani yetu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 shehena zilikatika, Waingereza na Wahindi wakaingia na pamba zao, lakini jina halikubadilika. Mpaka leo fundi wa cherehani akikwambia leta merikani ya bitana, unajua anataka nini.

Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, buluu iliyokoza karibu na nyeusi, nyingi ikitoka India. Mwanamke mtumwa aliifunga chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Kujifunika kichwa hakukuwa kwake. Kofia na viatu havikuwa vya mwanamume mtumwa mbele ya bwana wake. Zingatia hapo, mwanangu, kwa sababu leo tunadhani kufunika kichwa ni amri anayopewa mwanamke. Enzi zile kulikuwa na wanawake walioamriwa wasifunike. Sitara ilikuwa mali ya waungwana, nayo ililindwa kama wanavyolinda mashamba na majumba ya mawe.

Na muungwana mwenyewe alivaaje? Mabibi wakubwa, waliofuata mtindo wa Oman, walivaa kanzu ya rangi na chini yake suruali yenye marinda vifundoni. Picha mashuhuri ya Bi Salme binti Said wa Unguja inamwonyesha hivyo hivyo. Usoni walivaa barakoa, kitambaa kigumu kilichotariziwa, macho yakichungulia. Na hapa Mombasa, kama kule Lamu, bibi wa nyumba kubwa akitoka alitembea ndani ya shiraa. Shiraa ilikuwa kama hema: kitambaa kimetandazwa juu ya miti na kushikwa na watumwa pande zote, bibi yuko katikati, haonekani hata ukucha. Hebu iwazie ikipita kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, pale ambapo leo mkokoteni na pikipiki haviwezi kupishana. Kila aliyekutana nayo alijibanza ukutani.

Biashara ya watumwa ilifungwa Unguja mwaka 1873. Lakini huku kwetu, katika ukanda wa pwani wa maili kumi, hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa mwaka 1907. Mambo mawili yakatokea kwa mpigo. Bibi wa nyumba kubwa akakosa wa kumshikia shiraa. Na mwanamke aliyekuwa jana ameamriwa kutembea kichwa wazi akawa hana wa kumuamuru.

Vazi lililowafaa wote wawili ni buibui. Lilitoka Hadhramaut, kusini mwa Arabuni, na kushika mizizi huku miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Halihitaji mtumwa. Kila mwanamke akajibebea pazia lake mwenyewe. Bibi alilivaa kwa kuwa ndiyo shiraa iliyobaki. Aliyekuwa mtumwa alilivaa kwa kuwa sasa ni haki yake. Barabarani wakipishana, weusi kwa weusi, hukuweza tena kusema kwa kutazama nani ni mjukuu wa nani. Nadhani hakuna tangazo la serikali lililofanya kazi ya usawa Mombasa kama kipande hicho cha kitambaa cheusi. Sisemi usawa ulikuwa kamili. Chini yake mwenye dhahabu alivaa dhahabu na asiye nayo hakuvaa, na ndoa zilipozungumzwa ukoo ulichimbuliwa mpaka shinani. Lakini njiani, mtu alipata kupita bila kusomwa.

Kwa hivyo mama yako amesema kweli kuwa limetoka Arabuni, na amekosea kusema si letu. Na nyanya yako asilitazame kama vazi la tangu na tangu. Uislamu ulikuwa Mombasa karne nyingi kabla ya buibui kufika. Sitara ndiyo ya dini. Buibui ni namna moja tu ya kuitimiza, nayo ina umri wa mtu aliyeishi sana. Kuzichanganya hizo mbili ndiko kunakoleta ugomvi nyumbani.

Usisahau neno barakoa. Lililala kwenye kamusi na kwenye makumbusho miaka mingi, tukalikumbuka mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipotufunika nyuso wanaume kwa wanawake, na mafundi wa hapa mjini wakazishona nyingine kwa vipande vya leso. Kitu kilichokuwa alama ya bibi asiyeguswa na jua kikavaliwa na utingo wa matatu ya Likoni.

Nimetaja leso, na hapo lazima nitulie kidogo. Tanzania wanasema kanga, sisi tunasema leso, na jina letu limehifadhi mwanzo wake. Kisa kinachosimuliwa sana ni kuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyopigwa chapa, ambavyo viliuzwa jora zima. Wakakata sita kwa pamoja, wakagawa tatu juu na tatu chini, wakaziunga ikawa nguo moja pana. Mombasa na Unguja kila mmoja hujidai kuwa ndiye aliyeanza. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza viwandani Ulaya zichapwe nzima nzima, tena kwa mitindo waliyoichagua wanawake wenyewe. Ndiyo ninayoipenda mimi: mashine ya Manchester au Uholanzi ikisubiri kuambiwa na mwanamke wa Mombasa mwaka huu anataka nini. Akiikataa rangi, marobota yanaozea ghalani.

Kwa mtumwa wa jana, leso ilikuwa njia ya kuiacha kaniki. Buluu ile ya giza ikawekwa chini, ikachukuliwa nguo yenye rangi tatu nne, pindo, mji, yaani sehemu yake ya katikati, na inayouzwa doti, moja ya kufunga na moja ya kujitanda. Moja ya kujitanda! Kichwa kikafunikwa.

Hapa mezani pangu ninayo moja, imefifia, pindo lake lilikuwa jekundu na sasa lina rangi ya tofali. Ndani ya pindo, upande wa chini, pana kisanduku cha maneno: Japo sipati tamaa sikati. Pembeni, kwa herufi ndogo, K.H.E. Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa hapa Mombasa mwaka 1887 na linalotajwa na wengi kuwa ndilo lililoanza kutia leso majina, yaani maneno kama hayo. Ukiinyanyua kwenye mwanga utaona katikati ya mji uzi umekuwa mwembamba, karibu uone vidole vyako upande wa pili, na wembamba huo umekaa mshazari. Leso hii ilikuwa mbeleko. Mtoto, au watoto, walikaa hapo, na mgongo wa mama uliisugua mwaka baada ya mwaka. Mwenyewe simjui. Niliipata imefungwa ndani ya nyingine, na nyingine ilikuwa nzima.

Majina ya leso za mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu mwanamke aliyesoma alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Yakageuka herufi za Kirumi shule za serikali na za misheni zilipoanza kutoa wasomaji wa aina nyingine. Kwa hivyo hata bila kusoma maneno, umbo la herufi peke yake linakwambia jamii hii ilikuwa inapeleka watoto wake kusoma wapi. Na ukisoma maneno yenyewe, utakuta mwanamke ambaye hakuhudhuria baraza la wanaume anajibu mambo yote ya mtaa kwa kuchagua doti dukani. Anachukua iliyoandikwa Mdhaniaye ndiye kumbe siye, anaifunga kiunoni, anapita mbele ya nyumba inayomhusu, na hajatamka neno. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilipokuwa vikishindana mjini, wanawake walivaa sare, na kila ngoma ilitaka doti mpya. Wanaume nao walikuwa na ngoma zao za beni, vyama vya Kingi na Skochi, sare za kijeshi na tarumbeta, wakiichukua fahari ya mtawala na kuivaa wao. Nguo ilitumika kama hoja.

Kuhusu wanaume sitakaa sana, si kwa kuwa hawana habari bali kwa kuwa yao ni nyepesi kusomeka. Kanzu na kofia vilipita njia ile ile ya buibui: vazi la muungwana likavaliwa na aliyeachwa huru. Kofia nzuri za mkono, zenye vijitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, zilishonwa na wanawake ndani ya nyumba, moja ikichukua miezi, na zilikuwa riziki ya wengi wasiotoka nje. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, na baadaye bandari ya Kilindini ilipokua, kaptula na suruali zikaingia na kazi ya mshahara na saa ya ukutani. Simama nje ya msikiti wowote wa mjini Ijumaa saa saba mchana utazame chini: kanzu nyeupe imepigwa pasi, na chini ya pindo lake inachungulia miguu ya suruali ya ofisini na soksi nyeusi. Mtu mmoja amevaa tabaka mbili za historia, na saa nane atavua moja arudi kazini.

Wala Mombasa si ya Waswahili wa mji peke yao. Jirani zetu Wamijikenda walikuwa na hando, sketi ya marinda mengi iliyoshonwa kwa merikani na kaniki hizo hizo. Mkokoteni wa biashara ulipita kwetu ukafika kayani, kwenye vijiji vyao vya asili. Leo hando utaliona zaidi kwenye ngoma na sherehe, na kila siku mama wa Kigiriama anafunga leso kama wewe.

Sasa picha ya nyanya yako. Ukiniletea nitafurahi kuiona. Mwaka 1974 nchi ilikuwa na miaka kumi na moja ya uhuru. Wasichana wa mji walikuwa wamesoma sekondari, wengine wameingia maofisini kupiga taipu, sinema za Kihindi na za Kizungu zimejaa kila wikendi, watalii wanashuka. Gauni la magotini lilikuwa tangazo: mimi ni mtu wa nchi mpya. Lakini chunguza kabla ya kuamua. Imepigwa studio au nje? Mombasa ilikuwa na wapiga picha hodari, N. V. Parekh akiwa mmoja wao, na watu walikwenda studio kupiga picha ya mtu wanayetaka kuwa. Koti liliazimwa, miwani iliazimwa, mkoba uliazimwa. Na uwezekano mkubwa ni kuwa nyanya yako alitoka nyumbani na buibui juu ya gauni hilo, akalivua mlangoni mwa studio, akalivaa tena wakati wa kurudi. Ukimuuliza kwa adabu, tena siku ambayo hamjagombana, atakwambia.

Kilichombadilisha baadaye ni nini? Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 nchi za Ghuba zilitajirika, na vijana wengi wa Pwani wakaenda Saudia, Oman na Imarati, wengine kusoma na wengine kufanya kazi. Waliporudi walirudi na fedha, na elimu ya dini, na abaya. Mwamko wa dini ulienea dunia nzima ya Kiislamu miaka hiyo na Mombasa haikuwa kisiwa kwa maana hiyo. Baadaye Dubai ikawa soko la wafanyabiashara wanawake wa mji huu, wanakwenda na kurudi na marobota.

Haya ndiyo unayoelezwa kwa kawaida, na ni kweli. Mimi nina sababu yangu moja ya kuongezea, nayo imetoka mikononi mwangu. Siku utakapolitoa lile buibui sandukuni, jaribu kulivaa. Utaona limeshonwa likazunguka, kama gunia lisilo na kitako, na juu pana kamba ya kufunga nyuma ya kichwa, na kitambaa chepesi cha kushusha usoni. Halina mikono. Ukilivaa, mkono mmoja unabaki ndani unashikilia kwa mbele, saa zote. Sasa jaribu kuandika ubaoni. Jaribu kupiga taipu, kupanda matatu umebeba mtoto, kumtoa mgonjwa damu. Buibui lile lilishonwa kwa mwanamke anayetoka nyumbani kwenda msibani, harusini au kwa jamaa, kisha anarudi. Abaya ina mikono. Wanawake wa Mombasa walipoanza kutoka asubuhi na kurudi jioni kila siku, vazi likaota mikono. Watu wanaitazama abaya wanaona wanawake wanarudi nyuma. Mimi naitazama naona mwalimu, nesi, karani na dereva. Na angalia lugha ilivyo na busara: nusu ya mji bado wanaiita abaya "buibui", kwa maana kazi ni ile ile.

Dera lako nalo lina safari. Jina limetokana na vazi la Kisomali. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, familia nyingi ziliingia Mombasa kwa majahazi kutoka Barawa, Kismayu na Mogadishu, zikakaa makambini kama Utange, na biashara zao zikaota hapa mjini. Nguo ikafuata watu, ikabadilishwa kitambaa, ikashuka bei, na leo dera linavaliwa na Mkamba, Mluhya na Mswahili, jikoni na dukani. Ndani ya vazi la starehe kuliko yote uliyo nayo mna vita na ukimbizi.

Na suruali pana? Kama umeinunua Kongowea au Mwembe Tayari, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni mtumba. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 marobota yaliingia kwa wingi, viwanda vyetu vya nguo vikadhoofika, na vijana wakapata kuvaa vizuri kwa fedha kidogo. Yote mawili ni kweli, na siwezi kukuficha kuwa la viwanda linanisikitisha. Hasa ukikumbuka hili: tangu mwaka 2000, chini ya mpango wa biashara wa Marekani uitwao AGOA, viwanda vya EPZ, yaani vya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, hapa hapa Mombasa vimekuwa vikishona nguo mpya za kupelekwa Marekani. Fikiria binti wa mtaa wetu wa Mikindani aliyekaa kwenye mashine siku nzima akiunga suruali zinazopakiwa kwenye kontena, jioni anapita Kongowea kuchagua suruali iliyokwisha kuvaliwa na mwenye nayo wa kwanza kulekule. Miaka mia mbili karibu inatimia tangu merikani ya kwanza ishuke bandarini, na bado sisi na Marekani tunavalishana, ila bei hawajaacha kuipanga wao.

Unaniuliza kama ni mitindo tu. Ipo mitindo tu, sikatai. Urefu wa mkia wa abaya, shanga begani, dera la maua makubwa mwaka huu na la mistari mwaka ujao, hayo yanakuja na kupita na mtu asiyatafutie maana nzito. Mimi hutenganisha hivi: kinachobadilika kwenye pambo ni mtindo, kinachobadilika kwenye umbo ni maisha. Mikono ikiota, kamba ikiondoka, suruali ikitoka chini ya kanzu ikavaliwa peke yake, hapo kuna jambo limetokea kazini, shuleni au nyumbani, lifuatilie. Na suruali yako, ukimkumbuka Bi Salme na marinda yake, imewahi kuvaliwa na mabibi wa pwani hii kabla buibui halijafika. Mwambie nyanya hilo kwa upole, usimwambie kwa kumshinda.

Sasa lile buibui, kwa kuwa liko mikononi mwenu na siku hazigandi. Litoeni kwenye mfuko wa nailoni kama liko humo, nailoni inatoa jasho. Msilifue, msilipige pasi, na vidonge vya kufukuzia nondo visiguse kitambaa. Litandazeni kivulini siku moja lipate hewa. Tazama ndani ya pindo na kwenye ukingo wa jora kama pana herufi zilizochapwa, maana wakati mwingine kiwanda kiliacha jina lake hapo. Tazama pia panapofungwa kamba, utaona kama imewahi kubadilishwa, na kwa uzi gani. Kisha nunua mita tatu za merikani, ichemshe na kuifua mpaka wanga wote utoke, ikauke vizuri, uifunge nguo ndani yake bila kuikunja kwenye mistari ya zamani.

Kabla ya kulifunga, mwombe nyanya akuonyeshe mama yake alivyolivaa: alianzia wapi, kamba ilipita juu ya sikio au nyuma yake, mkono gani ulibaki ndani, na kikapu cha sokoni alikishika vipi. Andika anavyosema, kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe. Picha ya 1974 iweke pamoja na maandishi hayo. Na kama kamba ile imekatika, usiitupe, ifunge kwenye kijikaratasi uiweke ndani.